Tundu Lisiloonekana: Maoni Juu ya Picha za Mimea Yetu

Juu ya meza ninayoandikia, hapa Omurushaka katika wilaya ya Karagwe, kipo kijitawi kikavu cha mbuni chenye urefu wa kidole cha mtu mzima. Upande wake wa chini mna tundu la mviringo ambalo upana wake haufikii milimita moja. Mwenye macho mazuri hulipita tundu hilo bila kulitambua, na mwenye macho yaliyochoka kama yangu hulitafuta kwa ncha ya sindano. Kwa kuwa tundu la namna hiyo halikuonekana katika picha niliyoipiga mimi mwenyewe mwezi wa Agosti 2019, mjane mmoja jirani yangu aling'oa na kuchoma moto mibuni 43 ambayo haikustahili kufa. Habari hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika juu ya jambo ambalo wasomaji wengi watalidhani kuwa ni mchezo wa wapiga picha wenye nafasi, nalo ni ufundi wa kupandanisha picha nyingi za kitu kimoja kidogo ili kitu hicho kionekane bayana kutoka mbele hata nyuma.

Mibuni ya jirani yangu ilikuwa ya robusta, iliyopandwa na marehemu mumewe ndani ya kibanja pamoja na migomba, kama ilivyo desturi ya sehemu zetu. Kiangazi kile vitawi vingi vilikauka kuanzia katikati hadi nchani, majani yakageuka rangi ya kahawia yakabaki yakining'inia. Alinituma mjukuu wake kuniita, akasema, "Mwalimu, njoo uitazame kahawa yangu, inakufa na sijui inakufa kwa nini." Nilikwenda na simu yangu, nikapiga picha nne, nikazipeleka kwenye ofisi moja inayoshughulika na mambo ya kilimo, ambayo sitaitaja kwa kuwa shabaha yangu si kumshtaki mtu. Kesho yake jibu lilifika: huo ni mnyauko fuzari, ng'oeni mibuni yote yenye dalili na kuichoma papo hapo ilipo.

Jibu hilo halikuwa la kipuuzi. Mnyauko fuzari wa kahawa ni ugonjwa wa kuvu, nao unaogopwa kwa haki. Uligunduliwa mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baadaye ukateketeza mashamba ya Kongo, mwaka 1993 ukaripotiwa Uganda, na mwaka 1997 ukathibitishwa katika mkoa wetu wa Kagera. Mbuni ulioshikwa na ugonjwa huo hauponi. Ukikwangua gome la shina lake utakuta mistari ya rangi ya buluu iliyokolea hata kukaribia weusi, na katika muda wa miezi michache mti mzima huwa kuni. Wazee waliouona mwaka ule wa 1997 na miaka iliyofuata hawahitaji kuhimizwa mara mbili kushika jembe.

Lakini mibuni ya jirani yangu haikuwa na mnyauko. Ilikuwa na mdudu mtoboa vitawi, ambaye wanasayansi humwita Xylosandrus compactus. Huyu ni mdudu mweusi, urefu wake ni kiasi cha milimita 2 au pungufu. Jike hutoboa kitawi upande wa chini, huchimba kijia ndani yake, kisha hupanda humo kuvu ambayo ndiyo chakula cha watoto wake. Kitawi hufa, mti huishi. Dawa yake ni kukata kitawi chini kidogo ya tundu na kukichoma kabla kizazi kipya hakijatoka. Tofauti ya maradhi haya mawili, kwa mwenye kibanja, ni tofauti ya kupoteza vitawi vya msimu mmoja na kupoteza mibuni yenyewe, ambayo ikipandwa upya humtaka angoje miaka mitatu hivi kabla hajachuma cha maana.

Tulimjua mdudu tukiwa tumekwisha chelewa. Moto ulipokuwa ukiwaka, mwanafunzi wangu mmoja alipasua kitawi kwa kisu, akakuta kijia kilichochimbwa vizuri na ndani yake mdudu mweusi aliye hai. Tulizima tulichoweza kuzima. Katika mibuni 60 ilibaki 17.

Usiku ule nilizifungua tena picha zangu nne, nikazikuza katika kioo cha simu. Tundu lilikuwamo. Lilikuwa limeingia katika picha ya tatu kama doa la moshi, kwa sababu simu ilikuwa imelenga jani lililokuwa nyuma ya kitawi. Aliyezipokea picha hizo hangeweza kuona kisichoonekana. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa langu mimi mpigaji, nami nilikuwa nimefundisha sura ya lenzi na mwanga darasani kwa miaka 22.

Yafaa tuieleze sura hiyo tena, safari hii kwa ajili ya kazi. Lenzi yoyote, iwe ya simu ya bei nafuu au ya kamera ya fedha nyingi, hulenga bapa moja tu la masafa. Kilichopo mbele kidogo au nyuma kidogo ya bapa hilo huvumilika machoni petu, na unene wa eneo hilo la kuvumilika tutauita hapa kina cha ubayana. Tunapompiga picha mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwetu kina hicho ni kikubwa, na hatukifikirii kabisa. Tunapokisogelea kitu kidogo, kina husinyaa kwa haraka ya kutisha. Chukua kamera ya filamu ya milimita 35, au ya dijitali yenye kipokea mwanga cha ukubwa huo. Taswira ikiwa sawa na kitu chenyewe kwa ukubwa, na tundu la lenzi likiwa f/5.6, kina cha ubayana ni milimita 0.67 tu. Ukikuza taswira mara mbili ya kitu, kinabaki milimita 0.25. Kitawi chenye unene wa milimita 6 kina mviringo unaorudi nyuma milimita 3 kutoka mgongoni hadi ubavuni. Maana yake ni kwamba picha moja ya kitawi hicho, hata ikipigwa na bingwa, itakuwa na utepe mwembamba ulio bayana na pande mbili za ukungu.

Mwanafunzi mwerevu atasema: basi tulifinye tundu la lenzi, kwa kuwa tundu likiwa dogo kina huongezeka. Ni kweli, na ndivyo tunavyofanya tukipiga picha za milima. Kwa kitu kidogo kilichosogelewa hila hiyo haifiki mbali. Kwenye f/16, taswira ikiwa sawa na kitu, kina huongezeka hadi milimita 1.9, lakini mwanga unaopita katika tundu jembamba hutapanyika kingoni mwake, na kila nukta hugeuka kuwa kisahani chenye upana wa milimita 0.04 hivi. Ulichopata kwa kina umekilipa kwa ukali wa picha nzima. Kwa mtu anayetafuta tundu la mdudu, hiyo ni biashara ya hasara.

Njia iliyobaki ni kupiga picha nyingi. Kamera husogezwa mbele kidogo kidogo, na kila inaposogezwa hupiga picha moja, hata utepe ulio bayana uwe umepita juu ya kitu chote. Kisha programu ya kompyuta huzilinganisha picha hizo. Kwanza huzisawazisha ukubwa, kwa sababu kila kamera inaposogea taswira nayo hubadilika kidogo. Halafu hupima, mahali kwa mahali, ni picha gani ambayo nukta zake jirani hutofautiana zaidi kwa weupe na weusi; maana palipo na ukungu nukta hufanana na jirani zake, na palipo bayana hutengana. Mwishowe huchukua sehemu bora ya kila picha na kuzishona kuwa picha moja. Wazo hili si la jana. Katika miaka ya 1960, zamani za filamu, Mmarekani Dan McLachlan alitumia utando mwembamba wa mwanga, akawa anapitisha kitu polepole ndani ya utando huo ili filamu ipokee tu kile kilichokuwa katika bapa la lenzi. Mwaka 1983 Pieper na Korpel walichapisha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa hesabu za kompyuta. Leo zipo programu zinazogawiwa bure, na kompyuta iliyochakaa ya shule yetu huimaliza kazi ya picha 25 katika muda ambao mtu hunywa chai.

Nimesikia wakisema wenye elimu kuliko mimi kwamba picha ya namna hiyo ni ya uongo, kwa kuwa hakuna jicho lililopata kukiona kitu hivyo kwa mtazamo mmoja. Hoja hii naiheshimu, lakini nadhani wenye kuitoa wamewasahau wachoraji.

Karagwe yetu ni mahali pazuri pa kuwakumbuka. Mwezi wa Novemba 1861 waliingia hapa Waingereza Speke na Grant, wakapokewa na Mtawala Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Speke aliendelea na safari ya Buganda mwezi wa Januari 1862. Grant alibaki hadi Aprili kwa sababu ya jeraha la mguu. Grant alikuwa amekuja Afrika na kamera, na alipiga picha kule Unguja mwaka 1860, lakini kazi ya vioo vya siku zile vyenye dawa mbichi ilimshinda mapema safarini, akaiacha akashika kalamu na rangi. Katika safari ile alikusanya mimea, akaikausha, na mimea hiyo ikapelekwa Kew, karibu na London. Maelezo yake yalitolewa na jumuiya ya Linnean Society kati ya mwaka 1872 na 1875, pamoja na michoro zaidi ya 100.

Mchoraji wa mimea hufanya nini? Huliweka ua chini ya kioo cha kukuzia, hutazama kwanza ncha za chavulio, huchora, hushusha kioo, hutazama shingo ya ua, huchora, hushusha tena. Mchoro uliokamilika una kila sehemu bayana, ingawa jicho la mchoraji halikupata kuziona zote kwa mara moja. Hivyo ndivyo zilivyochorwa mamia ya kurasa za kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na aina 12,104 za mimea ya porini. Hakuna mtaalamu aliyewaita wachoraji hao waongo. Kompyuta inayopandanisha picha hufanya kazi ileile ya mchoraji, kwa haraka zaidi na kwa akili kidogo zaidi, nami nitarudi kwenye hiyo akili kidogo, kwa maana ndiko yaliko matatizo ya kweli.

Kabla ya hapo niseme habari ya gharama, kwa sababu ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Reli za kusogezea kamera zinazouzwa madukani ni ghali kuliko mshahara wa mwalimu unavyoruhusu. Sisi tulikwenda kwa fundi seremala, karibu na njia panda ya barabara ya Nkwenda na Murongo. Alitutengenezea ubao wenye mfereji, na ndani ya mfereji kipande cha mti mgumu kinachoteleza. Kipande hicho husukumwa na bolti ya kawaida ya milimita 6. Nyuzi za bolti hiyo zimekatwa kwa kipimo cha milimita 1, hivyo mzunguko mmoja kamili huisogeza kamera milimita 1. Kwenye kichwa cha bolti tulibandika kifuniko cha kopo kilichogawanywa sehemu 8. Kuigeuza sehemu moja ni kwenda milimita 0.125, yaani nusu ya kina cha ubayana kwa ukuzaji wa mara mbili, ili kila picha ipandane vema na jirani yake. Kwa kitawi chetu cha kina cha milimita 3 tunahitaji hatua 24, na picha 25. Kwa ua la mbuni, tukiridhika na taswira iliyo sawa na kitu, tunageuza nusu mzunguko kila mara, na kina cha milimita 20 humalizika kwa picha 41. Kamera ilinunuliwa mtumba. Lenzi ni ile ya kawaida iliyogeuzwa mbele ikawa nyuma, maana lenzi ya kawaida ikigeuzwa hivyo hukuza vizuri mno. Taa ni mbili za mezani, zimefunikwa kwa karatasi nyeupe ili nuru isiwe kali.

Adui yetu mkubwa hapa si umaskini wa vifaa bali ni mtikisiko. Omurushaka ni mji wa njia panda. Malori ya ndizi na maharage hupita kuelekea Kyaka na Bukoba, na kila lori linapopita meza hutetemeka kiasi cha kuharibu picha mbili au tatu. Tunafanya kazi alfajiri, au Jumapili watu wakiwa kanisani (nami nimeulizwa juu ya hilo na mzee wa kanisa). Nje, kibanjani, jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa upepo mdogo usioweza kuzima kibiriti hulisogeza ua zaidi ya milimita moja. Tena ua lenyewe halitulii. Mibuni huchanua baada ya mvua za kwanza, na maua hudumu siku chache tu. Ukilikata ua na kuliweka chini ya taa, petali huanza kulegea kabla hujafika picha ya thelathini, na programu, isiyojua kwamba ua limelegea, itakupa petali moja yenye kingo mbili.

Hapo ndipo ninapoirudia akili kidogo ya kompyuta. Inapokutana na vinyweleo vilivyopishana, kimoja mbele na kimoja nyuma, mara nyingi hukata kile cha nyuma kana kwamba kimeungua. Kando ya ukingo mkali huacha utando wa mwanga usiokuwepo. Tone la maji linalong'aa huichanganya kabisa. Hata usaha wa manjano utokao katika mgomba uliokatwa, ambao ndio dalili ya mnyauko wa bakteria ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, hupigwa picha moja iliyolengwa vizuri, wala si picha 40. Pia ufundi huu haugeuzi kamera kuwa hadubini. Kutu ya majani ya kahawa, Hemileia vastatrix, iliyopewa jina hilo mwaka 1869 kutokana na mbegu zake zilizo laini upande mmoja na miiba upande wa pili, itaonekana katika picha zetu kama unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Miiba yenyewe haitaonekana, kwa kuwa mbegu moja ina upana wa kiasi cha milimita 0.03.

Kwa sababu hizo naona hapana budi tujiwekee masharti, na tuyaweke sasa kabla picha hizi hazijazagaa. Picha iliyopandanishwa isitolewe bila kutajwa kuwa imepandanishwa, na kwa picha ngapi. Iwe na kipimo ndani yake, japo kipande cha rula. Picha za awali zihifadhiwe, ili anayetilia shaka ukingo fulani aweze kuzirudia. Na mmea wenyewe, au kitawi chenyewe, ukaushwe na uwekwe mahali panapojulikana, kwa maana picha haikatwi, haipimwi kemikali, wala haichukuliwi chembe za urithi. Hebaria ya taifa iliyoko Arusha ipo kwa kazi hiyo. Yeyote anayedhani kwamba picha nzuri imetuondolea taabu ya kukausha mimea kati ya magazeti ya zamani amekosea sana.

Sasa nifike kwenye maoni yangu hasa. Sisemi kwamba kila bwana shamba apige picha 25 za kila kitawi. Hilo haliwezekani, wala halihitajiki. Yeye anahitaji kujua mambo mawili: kulenga palipo na ugonjwa badala ya palipo na jani zuri, na kupiga picha tatu au nne kwa masafa mbalimbali mahali pa moja. Nusu saa ya mafunzo inatosha, na kama nusu saa hiyo ningeipata mimi kabla ya Agosti 2019 nisingekuwa na makala ya kuandika. Kinachokosekana ni kitu cha kulinganishia. Aliyezipokea picha zangu hakuwa na albamu mezani pake inayoonyesha, kwa ubayana usio na shaka, tundu la mtoboa vitawi katika robusta ya Kagera, na kando yake gome lililokwanguliwa la mbuni wenye mnyauko. Alikuwa na kumbukumbu na hofu, kama sisi sote.

Albamu hiyo yapasa kutengenezwa huku huku. Vitabu vingi tunavyofundishia vina picha za maua ya nchi za baridi, na mwanafunzi wa Kyerwa hujifunza sehemu za ua kwa ua ambalo hatalishika maishani mwake, hali nje ya dirisha mbuni umechanua. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku na wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa wanayo elimu ya wadudu na magonjwa; shule zina vijana wenye mikono imara na macho mapya; mafundi wa kutengeneza ubao na bolti wako kila mji. Kata moja ikipewa kamera ya mtumba na kompyuta, na majina yakiandikwa kwa Kiswahili na kwa Kinyambo pamoja na yale ya Kilatini, katika misimu miwili ya mvua tutakuwa na jambo ambalo leo halipo. Mimea ya hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, ingengoja, kwa kuwa huko kibali kinatakiwa. Tuanze na vibanja.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi simu yenyewe huyatambua magonjwa. Ni kweli kwamba ipo programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa kwa ajili ya mihogo, na nyingine iitwayo Tumaini kwa ajili ya migomba, nami nazifurahia zote mbili. Lakini mashine hujifunza kwa picha ilizoonyeshwa. Yapasa ionyeshwe picha za kawaida za wakulima, zenye vivuli na vidole vilivyotikisika, kwa sababu hizo ndizo itakazozipokea. Na yule anayeifundisha, anayeandika chini ya kila picha kwamba huu ni ugonjwa fulani, yeye anahitaji kuwa amekwisha kuona bayana. Kama mwalimu wa mashine hajaliona tundu, mashine nayo haitaliona, na itakosea kwa haraka kuliko tulivyokosea sisi.

Wapo pia watakaouliza kwa nini fedha ya sayansi itumike kwa picha wakati bei ya kahawa ndiyo inayowasumbua wananchi. Swali hili siwezi kulijibu lote. Naweza tu kusema kwamba mibuni 43 haina bei yoyote, nzuri wala mbaya. Naiomba Tume ya Sayansi na Teknolojia, inapogawa misaada ya utafiti, isivitazame tu vyombo vikubwa vya mijini. Gharama ya ubao wetu, pamoja na bolti na ujira wa fundi, haikufikia ile ya nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Msimu uliopita tulipiga picha ya kitawi kutoka katika mmoja wa mibuni 17 iliyobaki. Picha 25 zilishonwa kuwa moja, tukaichapa kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida. Tundu linaonekana mviringo kamili, kingo zake zimekwaruzwa, na unga mweupe wa mti umeganda chini yake. Ndani kabisa panaonekana mgongo mweusi wa mdudu. Nilimpelekea jirani yangu. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye nuru ya mlango, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama mwaka ule, katika simu yangu, mdudu huyu alikuwamo. Nilimwambia kwamba alikuwamo. Akanirudishia picha, akaingia ndani kuchukua kisu cha kupogolea, akataka nimwonyeshe kitawi hukatwa umbali gani chini ya tundu.